Ramani ya Magunia Sita

Mwalimu wetu wa jiografia alilala na viatu. Hilo lilijulikana kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, na sisi watoto tulilicheka kila tulipopita mlangoni kwake tukaona begi lake limetundikwa kwenye msumari, limefungwa tayari kwa safari. Waliowahi kuchungulia walisema ndani mlikuwa na shati moja, kipande cha sabuni, sufuria ndogo na karatasi zake za ukimbizi. Sikuwahi kujua alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Nitamwita Mwalimu tu, kwa sababu yeye mwenyewe angenichapa kama ningeandika jina lake mahali ambapo mtu asiyemjua anaweza kulisoma.

Shule yetu ilikuwa ya miti, udongo na shitingi, yale maturubai ya plastiki ya msaada. Ukuta wa maana wa kutundikia ramani haukuwapo, na hata ungekuwapo asingeutumia. Ramani yake ilikuwa magunia sita ya mahindi ya mgao, aliyoyafumua na kuyashona pamoja kwa sindano ya magodoro. Alichora kwa mkaa na udongo mwekundu, na maziwa aliyapaka buluu ya kufulia. Somo likianza alichomeka kijiti ardhini, akatazama kivuli chake, kisha akailaza ramani chini mpaka kaskazini ya gunia ielekee kaskazini ya dunia. Ramani ya ukutani, alisema, inamdanganya mtoto kwamba kaskazini iko mawinguni.

Tuliikanyaga. Waliokuwa na viatu walivua, isipokuwa yeye, aliyezunguka pembeni na fimbo yake bila kugusa hata uzi. Alikuita jina, ukasimama Mbarara. Alikwambia tembea mpaka Kabingo, tembea mpaka Kikagate, sasa vuka mto, sema uko nchi gani. Aliyekanyaga buluu aliambiwa amezama, akatoka. Tulijua umbali kwa nyayo zetu, na mpaka leo mtu akinitajia Bujumbura nahisi kidole gumba cha mguu kikigusa mshono wa gunia la tatu.

Lakini ramani ile ilikuwa na kitu cha kutisha ambacho hatukukiona mpaka mtoto mmoja mgeni alipouliza. Aliuliza kijiji chao kiko wapi. Kivu ya Kusini ilikuwapo, milima ilikuwapo, ziwa lilikuwapo, ila kijiji hata kimoja hakikuwapo. Mwalimu alimwambia akitaka kijiji chake akitafute kichwani, huko ndiko kinakaa salama.

Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Tulipofundishwa kuchora ramani ya kambi, tuliruhusiwa kuchora njia, bomba la maji, kanisa, zahanati, ziwa na kichuguu. Nyumba ya mtu, kamwe. Aliyechora nyumba alifutiwa ukurasa mzima na kuchapwa viboko viwili mkononi. Sisi tulidhani ni kwa sababu yeye mwenyewe hajui kuchora nyumba. Siku moja tu alieleza, na alieleza akiwa ametupa mgongo, akitazama barabara.

"Ramani banaichora juu ya mutu hajue fasi," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambamo fasi ni mahali na juu ni kwa sababu. "Uliza kwanza ule mutu anataka kujua juu ya nini."

Hatukuuliza. Watoto wa darasa la nne hawaulizi mambo kama hayo. Lakini watu wazima walielewa, maana miaka ile watu walikuwa wakija kambini kutafuta watu. Hawakuja na bunduki. Mmoja alikuja kuuza dagaa, mwingine alisema anamtafuta shangazi yake, akauliza wale wa mlima fulani wamepangwa mstari gani. Aliondoka salama, akaaga vizuri, na baada ya wiki mbili mlango wa nyumba fulani ulikutwa wazi, uji uko jikoni, mwenyewe hayupo. Mama yangu aliacha kumwita baba kwa jina lake. Alimwita Baba Mtoto, na sisi tukaonywa kwamba jina lile jingine tulilisahau Kongo pamoja na mbuzi.

Baba alikuwa dereva wa lori zamani. Watu wenye silaha walimchukua pamoja na lori lake, akawaendeshea miezi kadhaa, na siku moja akalisimamisha porini na vitu vyao vyote ndani, akashuka kama anakwenda kujisaidia, hakurudi. Wao hawakusahau. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya nyumba yetu, na niliijua vizuri kama nilivyojua njia ya kwenda bombani. Sina kisingizio.

Baba na Mwalimu hawakupendana. Hapa lazima niseme ukweli kuhusu Mwalimu: alikuwa mwoga. Sisemi mwangalifu, nasema mwoga. Ngurumo ikipiga aliingia chini ya meza ya darasa kabla yetu. Akimwona askari polisi alijificha chooni, ingawa hakuwa na kosa. Siku moja ya Jumapili, tukitoka kanisani, gurudumu la lori la mgao lilipasuka barabarani. Watu walishtuka, wakacheka. Mwalimu alikuwa ameshakwenda mguu niponye, begi mgongoni, na alionekana tena siku ya tatu, akirudi kwa miguu kutoka Kabingo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba alimsubiri kwenye bomba mbele ya kina mama wote na kumpa jina la Mwalimu Mbio. Jina likaganda. Mwalimu alijaza dumu lake, akaondoka, na tangu siku ile hakumsalimia baba tena.

Mimi aliniadhibu kuliko wengine, na nyumbani walisema ni kisasi. Haikuwa kisasi, lilikuwa kosa langu la kudumu. Kila asubuhi nilichota maji kabla ya shule, nikafika nimechelewa, na nafasi iliyobaki kuzunguka ramani ilikuwa upande wa kaskazini, kando ya kichuguu, ambako mchwa waliuma. Wenzangu walikaa kusini, wakaiona dunia jinsi mchoraji alivyoikusudia. Mimi niliiona kwa upande wa pili. Kwangu Tanzania ilikuwa juu na Sudan ilikuwa chini, jua lilichomoza mkono wa kushoto. Mwalimu alinivuta sikio, akanizungusha mpaka kusini, nikae huko. Kesho yake nilichelewa tena, nikarudi kwa mchwa wangu.

Nilipochora kwenye daftari nilichora hivyo hivyo, kichwa chini. Hilo pekee lisingekuwa na neno, alisema, mradi uweke mshale wa kuonyesha kaskazini iko wapi. Lakini mshale niliusahau daima. Alinipa sifuri kwa wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba ramani isiyo na mshale itampeleka mtu kusikokuwa kwake.

Ilikuwa siku ambayo Mwalimu alikwenda Mbarara kutafuta chaki na buluu. Mgeni alikuja shuleni saa nne asubuhi. Alivaa shati lililopigwa pasi, na kambini kwetu pasi ilikuwa kitu cha harusi. Alizungumza lugha yetu ya nyumbani bila kukwama, akasema anatoka kwenye mradi wa watoto, mtoto atakayechora vizuri njia ya kutoka shuleni mpaka kwao atapata zawadi. Aligawa biskuti. Mwalimu aliyebaki zamu alikuwa kijana mpya, akafurahi kupumzika kivulini.

Wenzangu walisitasita kwa sababu ya ile sheria ya nyumba. Mimi sikusitasita. Nilikuwa nimechoka na sifuri, nilitaka mtu mmoja duniani aseme naweza kuchora. Nilikaa mahali pangu kando ya kichuguu na kuchora shule katikati, barabara ikipita, bomba kila upande, kisha vichochoro, moja, mbili, tatu, na kwenye kichochoro cha tatu nyumba ya mwisho. Ziwa sikulichora, karatasi haikutosha. Mgeni aliinama, akaniuliza kwa upole baba alifanya kazi gani huko nyumbani. Nikasema aliendesha lori. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, na mdomo ulikuwa na biskuti.

Aliniandikia vema na kunipa kalamu yenye rangi nne. Karatasi za wengine aliziacha mezani. Yangu aliikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, akaelekea senta ya Base Camp, penye maduka ya kambi, ambako, walisema baadaye, alikuwa na wenzake wawili waliokuwa wakisubiri kwenye kibanda cha chai.

Mwalimu alirudi alasiri, akashuka kwenye lori la ndizi na paketi ya buluu mkononi. Nilimkimbilia kumwonyesha kalamu. Nilitaka aone kwamba wasomi wengine wanajua thamani yangu. Aliishika ile kalamu, akaibonyeza rangi moja baada ya nyingine, akaniuliza ni nani amenipa. Nilimweleza yote, mpaka biskuti. Mwishoni aliniambia nichore tena mavumbini, vile vile nilivyomchorea mgeni. Nikachora.

"Ulikuwa umekaa fasi gani?"

"Fasi yangu, Mwalimu. Ya siku zote."

"Na mushale?"

Nikasema nimesahau. Nilitoa mkono tayari kwa kiboko. Yeye alisimama juu ya ule mchoro, akautazama, kisha akazunguka taratibu mpaka upande wa pili, akautazama tena. Aliinua macho kuelekea magharibi ya kambi, kuelekea kwake. Halafu akaufuta kwa kiatu.

Aliniambia nikimbie nyumbani, nimwambie baba aondoke na mama na watoto sasa hivi, wapite njia ya bondeni mpaka Juru, upande mwingine wa kambi, kwa watu wa kanisa, wasingojee mgao, wasibebe godoro. Nilimwuliza kama atatufuata. Alimtuma yule kijana wa zamu kwenye kituo cha polisi, kisha akaelekea kwake.

Nilipofika kwenye bomba niligeuka nyuma, sijui kwa nini. Kutoka pale unaona mstari mzima wa nyumba za magharibi. Nilimwona Mwalimu amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, amelitoa begi msumarini, anaingiza vitu vyake ndani ya nyumba kimoja kimoja. Kisha akainama akavua viatu. Alivipanga kando ya mlango, kisigino kwa kisigino, kama mtu aliyefika.

Tulikwenda Juru. Baba alisita kwanza, maana onyo lilitoka kwa Mwalimu Mbio ambaye angekimbia hata kuku, lakini nilipotaja shati la pasi na swali la lori alisimama bila kumaliza chakula. Hatukurudi tena kwenye nyumba ile.

Habari zilitufikia siku ya pili. Watu watatu walimchukua Mwalimu nyumbani kwake kabla jua halijazama. Majirani walisema walimwuliza kama ndiye fulani, jina ambalo si lake na ambalo majirani hawakulishika vizuri, naye akaitika. Gari la polisi lilifika asubuhi. Alipatikana baada ya siku mbili kwenye mafunjo ya ziwa, akiwa hai kwa shida, akapelekwa hospitali Mbarara. Waliomchukua hawakuonekana tena. Kambi ilisema bila shaka alikuwa na mambo yake ya zamani, ndiyo maana alikuwa akilala na viatu. Baba alisema hivyo pia. Alisema kwa huruma kidogo, lakini alisema.

Mimi nilinyamaza. Nilijua ramani ilikuwa yangu, ila sikuelewa kwa nini iliwapeleka kwake. Ile kalamu niliitupa chooni. Niliota shati lile kwa miaka, limetundikwa kwenye msumari wa Mwalimu.

Nilielewa nikiwa chuo cha ualimu, Mbarara, darasani mchana kweupe. Mkufunzi alikuwa akisema tu lile ambalo kila mtu analijua, kwamba msomaji asipoona mshale huchukulia juu ya karatasi ni kaskazini. Nikachora kambi nyuma ya daftari langu, kwa mazoea yangu ya zamani. Kwetu ilikuwa mashariki: pita bomba, kichochoro cha tatu mkono wa kulia, nyumba ya mwisho. Nikaisoma kama angeisoma mtu mwenye shule yake. Magharibi: pita bomba, kichochoro cha tatu mkono wa kulia, nyumba ya mwisho. Viwanja vya kambi vilipimwa kwa kamba moja, kila upande sawa na mwenzake. Nilikuwa nimemchorea mgeni nyumba ya Mwalimu.

Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilimkumbuka akizunguka ule mchoro mavumbini. Alikuwa ameshausoma pande zote mbili. Alijua wanakuja kwake, begi lake lilikuwa tayari kama siku zote, na barabara ya Kabingo ilikuwa wazi.

Nilianza kumtafuta. Hospitali hawakumkumbuka. Nilianza kufundisha, miaka ikapita, nikauliza kila Mkongo niliyemkuta sokoni, mpaka mwaka 2015, mama mmoja mke wa askari, aliyemleta mwanawe shuleni kwangu, aliponiambia mtoto wake anajua mapu, yaani ramani, kuliko mimi kwa sababu ana mwalimu mwingine nyumbani.

"Mwalimu ya mapu iko kule karibu na Makenke," alisema. "Yeye natandika gunia chini, watoto nakanyaga. Mukono moja nakataa kazi, lakini kichwa iko sawa."

Nilikwenda Jumamosi. Ilikuwa nyumba ya kupanga, nyuma ya ukuta wa kambi ya jeshi, na barazani palikuwa na watoto saba na gunia. Nilimjua kwa sauti kwanza, akimwambia mtoto amezama. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Mkono wa kulia aliufunga kwenye mkanda wa suruali ili usining'inie, akaonyesha kwa fimbo ya mkono wa kushoto. Miguu yake ilikuwa mitupu. Alinitazama kwa hofu ileile ya zamani, akatazama nyuma yangu kama nimekuja na mtu, ndipo akanitambua.

Aliwaachia watoto mapumziko. Nilisema tu kwamba ramani ile ilikuwa yangu na sikuweka mshale. Nikalia mbele yake kama darasa la nne.

Akasema anajua. Alijua siku ileile, mavumbini. Alisema alinisahihisha mwaka mzima nisichore vile, na siku ile tu ndiyo alimshukuru Mungu kwamba sisikii. Nikamwuliza, ikiwa alijua, kwa nini hakukimbia, yeye aliyekimbia gurudumu.

Aligeuza fimbo mkononi mara mbili tatu.

"Bangekuta nyumba haina mutu," alisema, "bangegeuza karatasi."

Ng'ambo ya ukuta askari walikuwa wakihesabu hatua kwa sauti. Nilimwambia nitamwambia baba kila kitu, nitamleta amwombe msamaha, kwa sababu baba sasa anakaa... Aliinua mkono wake mzima, akanizuia kabla sijataja mahali.

"Usiniambie fasi. Baliniuliza siku mbili fasi ya lori, sikusema, juu sikuwa najua. Niambie tu: baba yako iko muzima?"

"Iko, Mwalimu."

Alifumba macho kidogo. Kisha akasema nisimwambie baba. Baba ni mtu wa kelele, atakuja kushukuru, atakuja na kanisa zima, na anayekuja kushukuru anaweza kufuatwa. Wale watu hawakupata walichokitafuta, na mtu asiyepata hachoki. Alisema maneno hayo bila kutishika, kama anayesoma majira ya mvua.

Watoto walianza kurudi na kuizunguka ramani. Msichana mdogo aliyechelewa alikuta nafasi upande wa kaskazini tu, akachuchumaa hapo. Mwalimu alimwona. Nilingoja amvute sikio. Hakumgusa.

"Baba yako bado ananiita Mbio?" aliniuliza, nikiwa nimeshasimama kuaga.

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nikasema bado, na huwa anacheka sana akifika pale pa gurudumu.

"Acha aite," alisema. "Mutu mwoga hatafutwe na mutu."

Juma lililofuata nilikula kwa baba. Akasimulia tena, mbele ya wajukuu, jinsi Mwalimu Mbio alivyokwenda Kabingo na begi mgongoni, na watoto wakacheka mpaka wakamwaga maji. Nilicheka nao. Kisha nikakusanya sahani, nikaenda kuziosha nje.